Kichwa cha Treni Kitembee kwa Ulaini: Anza Kwenye Reli, Malizia Kwenye Mota

Kichwa cha treni halisi hakiruki kinapoondoka stesheni. Nyuma yake kuna mabehewa yaliyojaa, na viunganishi hukazwa kimoja baada ya kingine kabla behewa la mwisho halijajongea. Mwenye reli ndogo nyumbani anatafuta mwendo huohuo juu ya meza yake: kichwa kianze kutambaa bila kushtuka, kipite kwenye makutano ya njia bila kusita, kisimame taratibu mahali alipokusudia. Vichwa vingi vya mfano, hasa vilivyonunuliwa vikiwa vimetumika au vilivyolala kabatini miaka mingi, havifanyi hivyo. Hukaa kimya mpaka kitasa cha kontrola kifike karibu na nusu, halafu huchomoka.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na mota. Mwenye kichwa kinachosuasua hukimbilia kununua mota mpya, akaifunga kwenye chesisi ileile yenye magurudumu machafu na gia zinazokwama. Mota mpya inarithi matatizo ya ile ya zamani. Kusuasua kwingi hutokana na umeme unaokatika njiani na msuguano mdogomdogo katika sehemu nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo fuata njia ya umeme kutoka reli hadi mota, kisha fuata njia ya nguvu kutoka mota hadi magurudumu. Rekebisha jambo moja, pima, ndipo uende kwenye jingine.

Nitatumia mfano wa vichwa vya dizeli vya kampuni ya Athearn ya Marekani, vile vilivyouzwa kwa miaka mingi kwenye maboksi ya buluu. Ni vya kipimo cha HO, yaani 1:87, vinatembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5 na kutumia umeme wa DC wa volti 12. Bado vinapatikana kwa wingi kwa bei nafuu, vimeundwa kwa namna rahisi kufungua, na karibu kila somo la ulaini wa mwendo limo ndani yake. Ukikielewa kimoja, vichwa vya kampuni nyingine havitakutisha.

Pima kabla ya kufungua

Tenga kipande cha reli kilichonyooka chenye urefu wa mita moja na kukisafisha vizuri. Katika HO, mita moja ni sawa na mita 87 za reli halisi. Kichwa kinachoimaliza kwa sekunde 60 bila kusimama kinakwenda kama kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Hilo ndilo lengo zuri la kuanzia. Jaribu mbele na nyuma, uandike muda kwenye daftari.

Kisha weka multimita kwenye kipimo cha ampea na kuiunganisha kwenye waya mmoja kati ya kontrola na reli. Andika ampea zinazotumika kichwa kikitembea taratibu, kikitembea kasi, na kikishikiliwa kwa mkono kwa muda mfupi sana huku umeme ukiwa kamili. Namba hizi zitakuambia kama kazi yako imesaidia. Kila msuguano unaouondoa unapaswa kuonekana kwenye mita: ampea zitashuka, au sindano itaacha kurukaruka.

Tazama pia na usikilize, kwa sababu kila kasoro ina dalili yake. Kichwa kikisita mahali palepale kila mara, tatizo liko kwenye reli. Kikishtuka mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, chunguza gurudumu lenyewe au gia iliyo kwenye ekseli. Gia za plastiki zilizobanwa kwenye ekseli hupasuka zikizeeka, na ufa mdogo unatosha kufanya jino lipande juu ya jingine. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi hutoka kwenye sehemu zinazozunguka upesi, yaani mota, shafti zake au flaiwili (gurudumu zito linalotunza mzunguko). Na kichwa kinachokwenda vizuri kwenye tambarare lakini kinarukaruka kikishuka mteremko kina nafasi kubwa mno kwenye shafti ya gia ya skrubu. Tutalirudia hilo.

Umeme ufike bila kukatika

Kwanza magurudumu. Lowesha karatasi ya tishu kwa alkoholi ya isopropili, itandaze juu ya reli, weka bogi moja, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa, juu ya tishu na nyingine kwenye reli iliyo wazi. Washa umeme na kukishika kichwa kisiondoke. Magurudumu yaliyo juu ya tishu yatazunguka na kuacha mistari myeusi. Sogeza tishu mpaka mistari ikome, kisha geuza upande. Usitumie msasa: unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya kwa kasi zaidi.

Magurudumu ya Athearn za zamani yalitengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa, na uso wake una vinyweleo vinavyoshika uchafu. Kuyabadilisha kwa magurudumu ya aloi ya nikeli, kama yale yaliyouzwa kwa muda mrefu na NorthWest Short Line ya Marekani, ni uboreshaji unaoonekana siku hiyohiyo. Unapoyafunga, hakikisha umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ni sawa kwenye ekseli zote. Upime kwa geji ya kipimo unachotumia. Kwa vichwa vya Uingereza vya kipimo cha OO, umbali uliozoeleka ni milimita 14.5 hivi. Gurudumu lililosogea hata kidogo hugonga kwenye makutano ya njia na kukiinua kichwa kizima.

Baada ya magurudumu, angalia njia ya umeme ndani. Kwenye vichwa hivi vya Athearn, upande mmoja wa umeme hupita kwenye chesisi yenyewe, na upande wa pili kwenye ukanda wa chuma uliolala juu ya mota ukigusana na bogi mbili. Maungio hayo ni ya kugusana tu. Yakipata kutu au mafuta, umeme unakatikakatika. Chukua waya mwembamba wenye nyuzi nyingi, ulio laini kiasi cha kutoizuia bogi kugeuka, na uulehemu kutoka kila bogi hadi kwenye mota. Kazi hii ni ya jioni moja, na katika vichwa vingi ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa kuliko yote.

Kwa vichwa vya mvuke, ongeza sehemu za kuchukulia umeme. Waya wa bronzi ya fosfori wenye unene wa kama milimita 0.3 unaogusa mgongo wa gurudumu unatosha, na tenda la makaa na maji lina magurudumu ambayo mara nyingi hayachukui umeme kabisa. Waya uguse kidogo tu. Ukikandamiza, umegeuka breki. Kumbuka pia kwamba gurudumu lenye mpira wa kuongeza mshiko halipitishi umeme, hivyo kichwa chenye mipira mingi huhitaji msaada kwingine.

Ukiishi pwani, iwe Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hewa ya chumvi haina huruma na reli za chuma. Nunua reli za aloi ya nikeli, na futa njia yako kwa kitambaa chenye alkoholi kila kabla ya kuendesha.

Gia na ekseli zizunguke huru

Sasa fungua bogi. Juu yake utakuta gia ya skrubu, ile yenye uzi unaojizungusha kama parafujo, imelala kwenye bushi mbili. Iondoe. Weka bogi kwenye reli uliyoinua upande mmoja kidogo. Inapaswa kujiteremkia yenyewe. Isipotembea, kuna kitu kinachoishika: uzi wa zulia uliojizungushia ekseli, grisi iliyoganda, au mabaki ya plastiki kwenye meno ya gia. Osha gia kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, zikaushe, kisha zikague jino kwa jino kwenye mwanga mkali ukiwa na kioo cha kukuzia. Mabaki ya plastiki yakwanguliwe kwa ncha ya sindano au kisu kidogo, taratibu, bila kuchonga jino lenyewe.

Baadhi ya mafundi huziendesha gia kwa dawa ya meno ili zilainike. Kwa gia za plastiki zenye meno makavu njia hiyo inaweza kusaidia, ila mota iwe imetolewa kabisa na kila chembe ioshwe baadaye. Paste za kusagia vyuma zisikaribie plastiki: chembe zake hujichomeka ndani ya jino na kuendelea kusaga miaka yote.

Nafasi kati ya meno ya gia mbili huamua mengi. Zikibanana, ampea hupanda na mlio husikika; zikiachana, kichwa hushtuka kila kinapobadilisha mwelekeo. Pale ambapo mota au gia inaweza kusogezwa, pitisha kipande cha karatasi nyembamba kati ya meno, zisukume zikutane, kaza skrubu, kisha toa karatasi. Ukishika gia kwa vidole unapaswa kuhisi inacheza kidogo sana, na hisia hiyo iwe ileile katika mzunguko mzima. Ikicheza upande mmoja na kubana upande mwingine, gia au shafti imepinda, na hakuna mafuta yatakayoiponya.

Turudi kwenye kurukaruka mteremkoni. Kwenye tambarare mota inayasukuma magurudumu, na shafti ya gia ya skrubu imeegemea upande mmoja. Kichwa kinaposhuka, uzito wa treni unayasukuma magurudumu mbele, na shafti inatelezea upande wa pili, inarudi, inateleza tena. Dawa yake ni washa nyembamba sana kati ya gia ya skrubu na bushi mpaka kubaki nafasi ya kama milimita 0.1 hadi 0.2. Usiimalize yote, kwa kuwa shafti iliyobanwa huzalisha joto.

Vichwa vya mvuke vina mtihani wao: fito za pembeni zinazounganisha magurudumu. Kwa kawaida pini za upande wa kulia hutofautiana na za kushoto kwa nyuzi 90. Linalojalisha zaidi kwa mwendo ni kwamba pembe hiyo iwe ileile kwenye kila ekseli. Ekseli moja ikipotoka nyuzi chache tu, fito zitabana mara mbili katika kila mzunguko na kichwa kitachechemea. Tenganisha mota, ondoa fito zote, hakikisha kila ekseli inazunguka yenyewe. Rudisha fito ya jozi moja ya ekseli, isukume chesisi kwa kidole. Rudisha inayofuata, isukume tena. Inapoanza kubana, umemkamata mhalifu. Weka pia chesisi juu ya kioo cha dirisha kilicholala: gurudumu lisilogusa kioo halivuti na halichukui umeme.

Mafuta: tone dogo, mahali pake

Kichwa kilicholoa mafuta ni kibaya kama kilichokauka. Mafuta yakifika kwenye magurudumu hupaka reli nzima, na yakifika kwenye mota hutengeneza tope jeusi la kaboni. Tumia ncha ya sindano: ichovye, gusa beringi, basi. Beringi za mota na bushi zinataka mafuta mepesi; gia zinataka grisi laini au mafuta mazito kidogo. Labelle ya Marekani ina aina zinazofahamika kwa kazi hii, 108 kwa mafuta mepesi na 106 kwa grisi, na hazidhuru plastiki. Mafuta mazuri ya cherehani yanafaa kwa beringi za chuma, lakini yajaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kisicho na thamani kabla ya kuyaamini karibu na gia. Mafuta ya kupikia na ya nazi yasitumike kabisa: huganda na kugeuka gundi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo hazifai, kwa sababu huenea kila mahali, huacha utando, na baadhi hushambulia plastiki.

Mota: safisha kabla ya kubadilisha

Sehemu ya mota inayochoka kwanza ni pale brashi za kaboni zinapogusa komuteta, ile pete ya shaba iliyokatwa vipande. Isafishe kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi huku ukizungusha shafti kwa mkono, na ukwangue mifereji kati ya vipande kwa kijiti cha meno cha mti. Vumbi la kaboni likijaa humo, umeme unavuka pasipotakiwa, mota inapata joto na nguvu inapungua. Angalia urefu wa brashi na hali ya springi. Springi ngumu mno inasugua na kupandisha ampea. Iliyolegea inatoa cheche.

Mota za zamani zilizo wazi, kama X04 ya Tri-ang ya Uingereza, zina sumaku inayopoteza nguvu kwa muda, na hupoteza nyingi zaidi ukichomoa amecha, sehemu ya mota inayozunguka, bila kuziba njia ya sumaku kwa kipande cha chuma. Dalili yake ni mota inayozunguka upesi, inapata joto, na haina nguvu. Kubadilisha sumaku kwa ya neodimiamu huirudishia uhai: nguvu ya kuzungusha inaongezeka, ampea na kasi ya juu zinapungua, mambo yote unayoyataka. Angalia tu kwamba sumaku yenye nguvu mno kwenye mota yenye amecha ya ncha tatu huongeza mshtuko wa amecha inapopita kila ncha, na mwendo wa taratibu unaweza kuharibika.

Ukiamua kubadilisha mota

Mota ya ncha tano zilizolazwa kwa mshazari huzunguka kwa ulaini kuliko ya ncha tatu. Mota isiyo na chuma ndani ya amecha haina mshtuko wa ncha kabisa, lakini huathirika na kontrola za zamani zinazotuma umeme kwa mapigo mazito, nayo huweza kuungua. Linganisha mota na kontrola yako kabla ya kutoa pesa.

Piga pia hesabu ya gia. Chukua gurudumu la dizeli la milimita 11.7, mzingo wake ni karibu milimita 37. Mota ikizunguka mara 10,000 kwa dakika na uwiano wa gia ukiwa 12 kwa 1, kichwa cha HO kitafika mwendo unaolingana na kilomita 160 kwa saa. Ukipata gia za 20 kwa 1, mota ileile inakupa kilomita 96. Kichwa cha mizigo au cha kupangia mabehewa hakihitaji zaidi ya hapo, na eneo lote la kitasa cha kontrola sasa linatumika kwa mwendo wa kweli. Mara nyingi gia huleta utulivu ambao mota ya bei ghali haiwezi kuleta.

Flaiwili huhifadhi mwendo kichwa kinapopita sehemu isiyo na umeme. Iweke kwenye shafti ya mota inayozunguka upesi, kamwe si kwenye ekseli. Ipe kipenyo kikubwa kadiri bodi inavyoruhusu: kwa urefu uleule, ukiongeza kipenyo kwa asilimia 20, uwezo wake wa kutunza mzunguko unaongezeka kidogo zaidi ya maradufu. Lakini iwe katikati barabara. Flaiwili inayoyumba itakirudishia kichwa mtetemo uliokuwa ukiuondoa.

Dikoda ije mwisho

Mfumo wa kidijitali wa DCC, uliowekewa viwango na chama cha Marekani cha NMRA, hukuruhusu kurekebisha mwendo kwa namba. Namba hizo huitwa CV: CV2 ni volti ya kuanzia, CV3 kasi ya kuongeza mwendo, CV4 ya kupunguza, CV5 mwendo wa juu na CV6 wa katikati. Kabla ya kufunga dikoda, kile kifaa kidogo kinachopokea amri za DCC ndani ya kichwa, kwenye Athearn ya zamani, tenga mota na chesisi: klipu ya brashi ya chini hugusa chuma moja kwa moja, na dikoda itaungua umeme utakapowashwa. Weka tepu ya kuzuia umeme chini ya mota na ulehemu waya kwenye klipu. Hakikisha pia ampea ulizopima mota ikiwa imeshikiliwa hazizidi uwezo wa dikoda.

Dikoda nzuri inaweza kuhisi mzigo na kuongeza nguvu pale mota inapopungukiwa. Uwezo huo uzimwe wakati wa majaribio yako yote ya mwanzo. Ukiuwasha mapema utaficha gia iliyopinda mpaka siku itakapovunjika.

Ukimaliza, kiendeshe kichwa nusu saa kila upande kwa mwendo wa wastani ili sehemu zizoeane, paka tena tone la mafuta, kisha rudia vipimo vya kwanza. Ongeza uzito juu ya magurudumu yanayovuta kama kichwa hakina nguvu, kwa sharti moja: ukikishikilia kwa umeme kamili, magurudumu yateleze kwenye reli. Mota ikisimama kabla magurudumu hayajateleza, uzito umezidi na mota itaungua.

Ujuzi huu una faida ya pekee kwetu sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu vichwa vingi vya reli zetu haviuzwi madukani. Mwenye chesisi inayotembea kwa ulaini anaweza kujijengea bodi anayoitaka. Reli za SGR za Kenya na Tanzania zina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo chesisi ya HO inazifaa bila kubadilisha chochote. TAZARA ina milimita 1,067. Ukiijenga kwa kipimo cha 1:64, reli ileile ya milimita 16.5 inakaribiana sana na upana wake. Na atakayethubutu kujenga kichwa cha mvuke cha aina ya Garratt cha daraja la 59, vile 34 vilivyotoka Beyer, Peacock ya Manchester na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, atahitaji mitambo miwili chini ya kichwa kimoja. Apime kila mmoja peke yake kwenye ile mita moja, kwa volti ileile, na asiiunganishe mpaka muda wake ulingane mbele na nyuma. Mitambo miwili isiyolingana itavutana daima, na hakuna rangi wala bodi nzuri itakayolificha hilo.